Chai Iliyotoa Povu

Leseni yangu ya kuuza vileo ilikaa ukutani pale hotelini miaka minne, ndani ya fremu ya kioo, chini ya saa ya ukutani na kando ya kalenda ya kanisa. Niliipangusa kila asubuhi kabla ya kupangusa meza. Vumbi la Lodwar haliendi likizo, na mimi sikutaka afisa aje siku moja ashindwe kusoma jina la hoteli.

Kabla ya hapo nilikuwa mpishi Kakuma, katika kantini ya wafanyakazi wa shirika moja. Niliwapikia watu waliojua mengi kuhusu njaa ya wengine na ambao hawakuweza kabisa kuvumilia ya kwao ikipita saa saba mchana. Mkataba ulipoisha nilirudi nyumbani Lodwar, nikakodi nyumba ya mawe karibu na barabara, nikaweka meza nane. Nilipika samaki wa Kalokol, mbuzi wa kuchemsha, ugali na wali. Baada ya mwaka mmoja nikaomba leseni, kwa sababu kila mgeni aliyekula samaki wangu aliangalia kushoto na kulia kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kuna kitu baridi.

Leseni ya hoteli si leseni ya baa. Ile yangu ilisema mambo mawili, kwa Kiingereza: kinywaji kiuzwe kwa mtu anayekula, na kisiuzwe kabla ya saa kumi na moja jioni. Niliyashika yote mawili kama amri za Musa. Friji ya bia niliifunga kwa kufuli, na ufunguo niliuvaa shingoni pamoja na rozari. Mteja akija saa tisa na koo limekauka, nilimwonyesha saa ya ukutani. Wengine walikasirika. Mmoja aliniuliza kama nimesomea ualimu mkuu.

Nilikuwa na mhudumu mmoja, mama wa makamo kutoka upande wa Kerio, mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Alikuwa Mlokole na hajawahi kuonja pombe, lakini aliibeba kwa sinia bila kukunja uso. Siku ya kwanza alinieleza msimamo wake. "Mimi nabeba chupa," alisema. "Dhambi inabebwa na anayekunywa." Tukaelewana.

Sifa ya lile kufuli ndiyo iliyoniletea balaa. Kaunti ilitaka kufanya semina ya siku tatu kuhusu utekelezaji wa sheria za vileo. Afisa wa leseni, mwanamume mnene, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuja mwenyewe kuniambia kwamba wamenichagua.

"Tumepita hoteli zote, mama," alisema. "Wewe ndiye mfano. Washiriki wakae mahali ambapo sheria inaonekana kwa macho."

Nilimshukuru. Usiku huo sikulala vizuri kwa furaha. Nilishona vitambaa vipya vya meza.

Siku ya kwanza na ya pili zilienda salama. Walikaa watu ishirini na kitu, projekta ikaelekezwa kwenye ukuta wangu mweupe, wakazungumza habari za wagema wa chang'aa na watoto wa shule wanaouziwa pombe, mambo ambayo kweli yanatuumiza hapa. Walikunywa soda na maji. Siku ya tatu kulikuwa na joto la aina ile ambayo hata kuku wanatembea wakiwa wamefungua midomo. Stima ilipotea asubuhi. Feni zikasimama, projekta ikazima, friji peke yake ikabaki imefungwa na baridi yake ndani.

Saa saba kasoro, mwenyekiti wa kamati ya leseni alikuja mlango wa jikoni. Huyu alikuwa mzee mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye humwita kila mwanamke "mama" hata kama amezaliwa juzi. Afisa wa kalamu tatu alikuwa nyuma yake.

"Mama, leo kuna joto," mwenyekiti alisema.

"Kuna joto, mzee."

"Watu wamechoka. Na mada ya mchana ni nzito."

"Mada gani?"

"Saa za kuuza pombe," alijibu, na hakutabasamu.

Nilielewa anakoelekea. Nikamwambia friji inafunguliwa saa kumi na moja, na kwamba karatasi inayosema hivyo ina sahihi yake.

"Nilisoma kabla ya kutia sahihi," alisema. "Inasema kuuza. Wewe leo huuzi. Sisi tumelipiwa chakula cha mchana, na kinywaji ni sehemu ya chakula. Hakuna mtu atatoa pesa mfukoni."

"Na wote watakuwa wanakula," afisa aliongeza. "Upande huo tuko sawa kabisa."

"Lakini isije kwa chupa," mwenyekiti akasema. "Itaonekana vibaya. Weka kwa thamosi."

Hapo ndipo ningepaswa kusimama. Kama jambo lilikuwa sawa kisheria, thamosi ilikuwa ya nini? Swali hilo nilijiuliza baadaye. Pale mlangoni nilichokiona ni mkono unaotia sahihi leseni yangu kila mwaka. Na nikiri jingine: nilijisikia mkubwa. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nikisimama mlango wa ofisi kuomba. Leo ofisi ilikuwa imesimama mlango wa jikoni kwangu, inatoka jasho, inaniomba mimi. Nikavua ufunguo shingoni.

Mhudumu wangu aliangalia kufuli likifunguka, akaangalia saa.

"Ni saa saba," alisema.

"Najua."

"Wewe ulisema saa kumi na moja."

"Hawa ndio wenye saa," nilimwambia.

Alichukua thamosi mbili. Tulikuwa na zile kubwa za kubonyeza juu, ambazo nilizinunua kwa ajili ya semina yenyewe. Sasa, thamosi ya kubonyeza haikutengenezwa kwa bia. Ukibonyeza, kwanza inatoa povu, halafu inatoa povu tena, kisha inakohoa na kurusha. Washiriki walijifunza haraka kuinamisha kikombe. Wale wa meza ya mbele walisaidia wa meza ya nyuma. Katika siku tatu zote sikuwa nimeona ushirikiano wa namna ile baina ya idara.

Mada ya mchana ilienda vizuri mno. Watu waliokuwa wakisinzia jana walinyoosha mikono. Mmoja, akishika kikombe cha maua, alisema kwamba tatizo la kaunti yetu ni wenye hoteli wasioheshimu saa. Wakampigia makofi. Kabla ya kufunga walipitisha azimio kwamba atakayekutwa akiuza nje ya saa asimamishiwe leseni mara moja, bila kuangalia uso. Nilisikia hilo nikiwa nasuuza thamosi ya pili ili niijaze tena.

Kisha wakapiga picha ya pamoja.

Afisa mwenyewe ndiye aliyepiga, kwa simu yake. Aliwapanga chini ya saa ya ukutani kwa sababu leseni yangu ilikuwa pale, na alitaka ionekane. Akaniambia na mimi niingie, kama hoteli ya mfano. Mhudumu wangu alikuwa anapita na thamosi; akaambiwa asimame hapo hapo, aendelee kumimina, picha ipate uhai. Jioni ile ile afisa aliiweka kwenye ukurasa wa idara mtandaoni, na maneno ya kuwapongeza washiriki kwa nidhamu.

Kufikia asubuhi Lodwar nzima ilikuwa imeivuta ile picha kwa vidole mpaka ikajaa simu. Saa ilionyesha saa tisa na dakika arobaini. Chini yake leseni, maandishi yanasomeka. Chini ya leseni mwenyekiti, na juu ya mdomo wake masharubu meupe ambayo hakuwa nayo asubuhi. Pembeni mhudumu wangu anamimina chai ya rangi ya dhahabu yenye povu la vidole viwili, na uso wake ni wa mtu anayetoa ushahidi. Mtu mmoja aliuliza pale chini hayo ni majani ya chai ya wapi, kwa sababu ya Kericho hayafanyi hivyo. Mwingine aliomba semina ifike na Lokichoggio.

Picha iliondolewa saa nne. Wakati huo kila mtu alikuwa nayo.

Ofisi ikikamatwa na aibu lazima imshike mtu, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye picha bila kitambulisho cha mshiriki. Baada ya siku tatu gari la kaunti liliegeshwa mbele ya hoteli. Afisa akashuka na barua. Ilikuwa ya Kiingereza, kile cha ofisi, ambacho hata kikikusalimia unahisi umekosa. Ilisema kwamba imebainika nilitoa vileo kabla ya saa iliyoruhusiwa, na kwamba leseni yangu imesimamishwa kwa miezi mitatu.

"Mama, hii si mimi," afisa alisema. "Ni ofisi."

"Nawe ulikunywa vikombe vingapi?"

"Mimi nilikuwa napiga picha."

Alipanda kiti akaishusha fremu. Hakutaka kuivunja, kwa hiyo nilimletea bisibisi. Alipomaliza, ilikuwa saa sita na nusu, akaangalia jikoni na kuuliza kama samaki wameiva. Nilimwekea samaki na ugali. Alikula wote, akaosha mikono, akaondoka na leseni yangu kwapani. Ukutani palibaki mraba mweupe uliokuwa safi kuliko ukuta wote.

Barua ilisema nina haki ya kusikilizwa, nami nikaitumia. Kikao kilikuwa katika chumba kidogo cha ofisi, wajumbe watano mezani. Wanne kati yao niliwahudumia siku ile kwa mikono yangu. Wa tano alikuwa hakuja semina, na sijui kama alihisi bahati au wivu. Karani aliyeandika kumbukumbu alikuwa mwanamke aliyehamishiwa kwetu karibuni kutoka mbali, na hakujua Kiturkana.

Mwenyekiti alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akavaa miwani na kuwa mtu mwingine.

"Je, ulitoa pombe kabla ya saa kumi na moja?"

"Nilitoa."

"Kwa nani?"

Nikamtazama. Akatazama karatasi zake.

"Kwa watu waliokuwa wanakula," nilisema.

"Watu gani?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kuwataja mmoja mmoja. Lakini nilipowaona wameinamisha vichwa mbele yangu, watu wazima, wenye wake na wajukuu, sikuwataja. Sikuwahurumia. Niliogopa. Miezi mitatu ingepita, na leseni ingerudi kutoka kwenye meza ile ile.

"Watu wa heshima," nilisema.

Karani akaandika. Mwenyekiti akashusha pumzi.

Nilikuwa nimemleta mhudumu kama shahidi. Aliulizwa kama anakumbuka siku hiyo. Akasema neno zito hulisema kwa lugha yake, na akaanza kwa Kiturkana, polepole, akionyesha kwa kidevu. Huyu alikunywa vikombe vinne. Huyu viwili, halafu akaomba cha mwenzake. Yule wa dirishani alilalamika kwamba si baridi vya kutosha. Mzee wa katikati ndiye aliyesema iwekwe kwa thamosi. Na mimi, bosi wake, ndiye niliyefungua kufuli, kwa sababu napenda kusifiwa.

Kila mtu chumbani alielewa, ila karani. Alisimamisha kalamu, akauliza kwa Kiswahili chake kizuri, "Shahidi amesema nini?"

Afisa wa kalamu tatu ndiye aliyekuwa mkalimani. Alifikiri kidogo.

"Anasema ni siku nyingi," alisema. "Hakumbuki vizuri."

Mlinzi aliyekuwa mlangoni alitoka nje haraka, tukamsikia akikohoa huko uani. Mhudumu wangu anaelewa Kiswahili barabara. Alimtazama afisa kwa muda, akakunja shuka yake begani, akakaa.

Adhabu ilibaki vile vile. Wiki moja baadaye nilipata nakala ya kumbukumbu za kikao. Imeandikwa pale kwamba pombe ilitolewa kwa watu wasiojulikana.

Siku ile ya kikao, tuliporudi hotelini, sikumwambia mhudumu pole. Nilimuuliza kwa nini alisema vile kuhusu mimi, mbele ya watu.

"Nilisema kwa kila mtu," alijibu. "Wewe ulikuwa unataka nikuruke?"

Tulikaa siku nne tukizungumza habari za sahani tu.

Hoteli ilikufa taratibu. Wateja wa jioni walihamia nyumba moja nyuma ya soko, isiyo na leseni yoyote ya kusimamishwa. Waliniambia ukweli bila haya: samaki wangu ni watamu, lakini samaki mkavu hivyo, bila bia, jioni hawezekani. Kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza nilikuwa napika samaki sita na kula wawili mwenyewe.

Nikaenda Kakuma kupunguza mawazo. Barabara siku hizi ni ya lami, unafika kabla hujamaliza kulalamika. Kule kambini nina rafiki, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, tuliyefanya naye kazi katika ile kantini. Yeye akiosha vyombo, mimi nikipika. Sasa ana kibanda chake cha kahawa, paa la turubai, viti vya plastiki vya rangi zote. Nilimweleza mambo yote tangu semina. Alinisikiliza bila kunikatiza mpaka nilipofika kwenye thamosi inayokohoa, hapo akaweka chini kichujio, akashika mbavu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nilikasirika, kisha na mimi nikaanza kucheka, kwa mara ya kwanza tangu barua ile.

"Dada," alisema alipotulia, "mimi nikitaka kutoka hapa kuja kwako Lodwar kula samaki, naomba kibali. Nangoja. Wakati mwingine nanyimwa. Wewe wamekunyima kuuza bia peke yake. Mlango uko wazi?"

"Uko wazi."

"Jiko linawaka?"

"Linawaka."

"Basi acha kulia, kaa hapa uone."

Nilikaa kwake siku tano. Alinifundisha kukaanga buni kwenye kikaango kidogo mpaka moshi ukuchome macho, kutwanga na tangawizi kavu, kuchemsha ndani ya jabana, kile chombo cha udongo chenye shingo nyembamba, na kumimina kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Mara mbili niliunguza. Mara ya tatu alionja, akamgawia jirani. Nilirudi Lodwar na jabana mbili nimezipakata kama watoto.

Sikutegemea sana. Nilitaka tu kitu cha kufanya mchana. Lakini harufu ya buni ikitoka dirishani saa tisa inafika mbali, na waliokuja kuifuata hawakuwa wale niliowajua. Walikuwa wanawake. Walimu wa shule ya msingi wakitoka kazini, wauguzi, wauza mikeka na vikapu vya majani ya mikoma, na kwaya nzima ya kanisa baada ya mazoezi. Walikaa mpaka jua linapungua. Mmoja wao, mwalimu, alikuwa amepita mbele ya mlango wangu miaka minne kila siku.

"Mbona hukuwahi kuingia?" nilimuuliza.

"Palikuwa na leseni ukutani," alisema. "Mume wangu angesikia nimekaa mahali pa bia, angekuja kunitafuta hapo. Kisha asingetoka."

Nililichukua neno hilo nikaenda nalo jikoni. Ile karatasi niliyokuwa nikiipangusa kila siku ilikuwa imewafukuza watu ambao sikujua wapo.

Nisidanganye kwamba kahawa ilijaza pengo lote. Haikujaza. Mwenye nyumba alikuwa mvumilivu, na dada yangu wa Kalokol alinipa samaki kwa kuaminiana. Lakini nilipata sababu ya kufungua mlango, na mhudumu wangu alianza kuimba tena jikoni, tenzi zile zile, nje ya noti zile zile.

Miezi mitatu ilipotimia afisa alikuja na fremu yangu kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa saa kumi kasoro. Alisimama mlangoni akitafuta pa kukaa, na hapakuwa na pa kukaa. Meza zote nane zilikuwa na wanawake, na hakuna aliyeinuka. Mwalimu yule alimtazama kutoka kiatu hadi kalamu, akaendelea na kikombe chake. Afisa alipita kiupande kati ya viti mpaka jikoni.

"Mama, umerudishiwa," alisema. "Tia sahihi hapa." Nilipokuwa natia, alinusa hewa. "Hii kahawa, mbona sijaona kibali chake?"

"Kibali cha chakula kiko pale mlangoni," nilisema. "Umekipita."

Aliomba kikombe kimoja. Alikinywea amesimama, kati ya gunia la mkaa wa mti wa mathenge na beseni la samaki, akasema kimemchangamsha, akaenda zake.

Nilirudisha bia. Watu huuliza kama niliiacha, wangependa hadithi iishe hivyo, lakini nina kodi na nina watoto wa marehemu ndugu yangu chuoni. Saa kumi na moja wanawake huwa wameshaondoka, nami hufungua friji. Nimesema hata akija gavana na feni zimekufa, ni saa kumi na moja. Kufikia leo hakuna aliyenijaribu, kwa hiyo siwezi kuapa jinsi nitakavyokuwa siku hiyo.

Mhudumu wangu ndiye aliyebadilika. Siku leseni iliporudi aliniambia kwamba atafanya kazi mpaka saa kumi na moja kamili, si dakika moja zaidi.

"Ulisema unabeba chupa tu," nilimkumbusha. "Dhambi ni ya mnywaji."

"Ndiyo. Lakini siku ile hawakutaka nibebe chupa. Walitaka nibebe uongo, na huo ulinichafua mikono mimi, si wao."

Tulipanga upya. Jabana na asubuhi ni zake, jioni ni yangu. Ikifika wakati huvua aproni, huikunja mara nne, huiweka juu ya gunia la unga na kusema, "Ejok," yaani ni vyema, nami humjibu. Kisha namwona akikata kiwanja kuelekea nyumbani, viatu mkononi, maana mchanga wa jioni huwa umepoa, na mimi nachukua sinia kumpelekea mteja wa kwanza samaki wake pamoja na bia yake.